SoundCloud kwa wanaokosoana nyimbo za nyumbani: tathmini baada ya miaka mitatu

Kwa miaka mitatu sasa sisi watu watatu tunaorekodi nyimbo majumbani, mimi nikiwa Tanga, mpiga udi wetu akiwa Mombasa na mpiga fidla wetu akiwa Maskati, tumekuwa tukipelekeana kazi ambazo hazijakamilika ili kila mmoja amweleze mwenzake kilichokaa vizuri na kilichokwenda upande. Hakuna kati yetu anayekula kwa muziki. Tumejaribu njia kadhaa za kusikilizishana, na tuliyobaki nayo ni SoundCloud, huduma ya mtandaoni ya kupakia sauti na kuzisikiliza. Tathmini hii inaihusu huduma hiyo kwa matumizi hayo tu, yaani kutoa na kupokea maoni juu ya wimbo uliorekodiwa chumbani. Anayetaka kujua kama inafaa kwa kuuza muziki au kutafuta wasikilizaji wengi atanisamehe, kwa kuwa hilo sijalijaribu.

Tulianza kwa WhatsApp, kama wanavyoanza wengi. Wimbo ulitumwa usiku, na asubuhi jibu lilikuwa limefika: "Mashallah, kaka, kazi nzuri, ila hapo katikati pamepwaya kidogo." Wimbo una dakika nne na ushei, katikati hiyo ni ubeti wa pili, ni kiitikio, au ni pale udi unapojibizana na fidla? Nilipouliza, mwenzangu alilazimika kuusikiliza upya, na kwa mara ya pili sikio lake lilikuwa limeshalizoea lile lililolikera mwanzo. Maoni mengi mazuri hufia hapo. Msikilizaji kosa alilisikia, lakini hakuwa na mahali pa kulibandika papo hapo lilipompitia.

SoundCloud inampa mahali hapo. Ukiufungua wimbo unauona mchoro wa sauti yake umetandazwa kutoka kushoto hadi kulia, vilima penye kishindo na mabonde penye utulivu, na neno unaloliandika linakaa kwenye sekunde ile ile uliyokuwa ukiisikiliza. Mwenye wimbo akirudi anaikuta picha ndogo ya mwenzake imesimama kwenye mchoro, anaugusa wimbo mahali hapo, na anasikia kile kile alichokisikia mwenzake. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Alexander Ljung, mbunifu wa sauti, na Eric Wahlforss, mwanamuziki, waliianzisha huduma hii Stockholm mwaka 2007 kabla ya kuihamishia Berlin, kwa sababu walichoshwa na ugumu wa kupelekeana na wenzao kazi ambazo bado zilikuwa zinajengwa. Umma ulifunguliwa mlango mwaka 2008. Baadaye ikapanuka ikawa mahali pa kutangazia nyimbo zilizokwisha, na hivyo ndivyo wengi wanavyoifahamu leo, lakini msingi wake bado ni wa watu wanaosikilizishana kazi isiyokwisha, na mimi naithamini kwa msingi huo.

Nitoe mfano wa wimbo mmoja. Niliurekodi masika iliyopita kwa maikrofoni moja, nimesimama mbele ya kabati la nguo lililoachwa wazi, godoro limeegemezwa ukutani nyuma yangu ili kupunguza mwangwi, feni imezimwa na dirisha limefungwa, huku nikisubiri mvua iache kupiga juu ya bati. Niliupakia, nikawatumia wenzangu kiungo cha siri, nikalala. Asubuhi nilikuta alama nne kwenye mchoro.

Ya kwanza ilikuwa kwenye sekunde ya 7, kabla hata sijaanza kuimba. Mwenzangu wa Maskati alikuwa ameandika: "Kuna mvumo chini kabisa, kama wa friji au wa waya. Sikiliza kabla hujafungua mdomo." Alikuwa sahihi. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake unakaribia sana noti ya sol ya chini (ile ya do, re, mi, fa, sol). Kwa kuwa wimbo wangu umejengwa juu ya re, ambayo sol hukaa nayo bila kugombana, masikio yangu yalikuwa yameuchukulia mvumo ule kama sehemu ya besi. Niliuondoa waya wa maikrofoni karibu na chaja ya simu, na mvumo ukaisha. Ya pili, kwenye sekunde ya 38, ilisema kwa ufupi kwamba neno "pepo" limepasuka. Anayeliimba neno hilo kwa pumzi kamili anaipiga maikrofoni kwa upepo mara mbili katika neno moja. Dawa yake ni kuigeuza maikrofoni kidogo ielekee pembeni mwa mdomo badala ya kuikabili.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niithamini huduma hii kuliko njia nyingine zote tulizojaribu. Katika 1:12 mpiga udi aliandika: "Hapa unakimbia. Hesabu mizani." Mshororo wenyewe ulikuwa huu: "Barua zako nazisoma, kila jua likizama." Mashairi yetu tunayafunga kwa mizani 8 kila kipande, kama ilivyo katika tungo nyingi za taarabu, na nilipohesabu kwa vidole, ba-ru-a-za-ko-na-zi-so-ma, nilipata 9. Silabi moja iliyozidi ilinilazimisha kubana sauti mbili ndani ya pigo moja, na pumzi ikaniishia kabla ya kufika "likizama". Nilikuwa nimeurudia mshororo huo mara 11 nikiamini kwamba tatizo ni kifua changu. Nilipoandika "nasoma" mahali pa "nazisoma", mizani ikatimia, maana ikabaki ile ile, na mshororo ukaimbika mara ya kwanza nilipoujaribu. Laiti mwenzangu angeniambia tu kwamba ubeti wa pili una haraka, ningerudi mbele ya kabati nikaurekodi mara nyingine 11. Alama yake ilisimama juu ya neno lenyewe lenye ugonjwa, nami nikalitibu neno.

Alama ya nne ilinisikitisha kwa siku nzima, na sasa naishukuru. Nilikuwa nimeupitisha uimbaji wangu kwenye programu ya kunyoosha sauti, ile inayoivuta kila noti iliyoyumba na kuirudisha mahali pake, na katika 2:05 mpiga fidla aliandika: "Mi hii si mi yetu." Wimbo uko katika maqamu ya bayati, yaani mmoja wa mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, kuanzia re, ambamo noti ya pili hukaa kati ya mi na mi iliyoshushwa nusu, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kitufe. Programu niliyoitumia ilikuwa imepangwa kwa noti 12 za kinanda, kwa hiyo kila nilipoimba mi ya bayati kama nilivyofundishwa na wazee, iliikamata na kuivuta hadi kwenye kitufe cha jirani. Sauti ilikuwa imenyooka na wimbo ulikuwa umepoteza nchi yake. Niliiondoa programu hiyo, nikabaki na sauti yangu inayoyumba kidogo, na ninaamini hata mimi niliyezaliwa ndani ya taarabu nisingeligundua kosa lile peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeshalisikiliza mara nyingi mno.

Huduma hii, basi, inatoa mahali pa kuandika maoni, lakini haikuletei mtu anayejua bayati. Nyimbo zilizoachwa wazi kwa kila mtu hupata pongezi fupi na watu wanaotangaza kazi zao, na mwanamuziki anayeanza anaweza kuzichukulia pongezi hizo kama tathmini. Ushauri wangu ni kuipakia kazi kwa faragha, kuchagua wasikilizaji wawili au watatu ambao masikio yao unayaamini, na kuwatumia kiungo cha siri wao tu. Kila mmoja atahitaji akaunti ili aweze kuandika, na kufungua akaunti hakugharimu kitu.

Faragha hiyo ina faida nyingine ambayo watu wa pwani wataielewa bila maelezo marefu. Mpiga udi wetu ni mtu mzima kuliko sisi wawili kwa miaka zaidi ya ishirini, tunamwita Maalim, na kumwambia mtu wa rika lake kwamba amekosea pigo mbele ya kadamnasi ni jambo ambalo hatukulelewa kulifanya. Kwa simu nilikuwa nikizunguka sana hadi yeye mwenyewe hajui ninachokusudia. Kwenye mchoro niliweza kuandika, katika 2:31 ya wimbo wake: "Shikamoo Maalim. Kwa idhini yako, hapa naona udi umeitangulia dumbaki kidogo; naomba utusikilizie." Sentensi moja ya adabu na sekunde moja iliyo bayana zilitosha, kwa sababu mahali penyewe palijieleza. Alijibu chini yake: "Marahaba. Ni kweli, nitairudia." Sikutegemea kwamba picha ya wimbi la sauti ingeweza kuturahisishia heshima, lakini imefanya hivyo zaidi ya mara moja.

Sasa mapungufu, na ninayasema kwa uzito ule ule. Lililo kubwa kwa kazi yetu ni kwamba unachokisikia si faili lenyewe ulilolipakia. Hata ukipakia WAV au FLAC, yaani mafaili ya sauti yasiyopunguzwa ubora, msikilizaji wa kawaida anapelekewa nakala iliyobanwa ili ipite kwenye intaneti bila kukwama, na ubanaji huo hugusa kwanza vitu vyepesi vya juu: mlio wa vibati vya tari, mkwaruzo wa upinde wa fidla, mkia wa mwangwi unapofifia. Kwa mizani, pumzi, matamshi na mpangilio wa ala, nakala hiyo inatosha kabisa. Kwa kuamua kama tari imekuwa kali mno haitoshi, na sisi tumewahi kubishana kwa wiki nzima juu ya ukali ambao haukuwamo katika faili la asili. Siku hizi swali la namna hiyo likizuka, tunapelekeana faili lenyewe kwa WhatsApp kama hati, kwa kuwa likitumwa kama hati halibadilishwi. Gharama yake ijulikane: WAV ya kawaida yenye pande mbili, kushoto na kulia, hula takriban MB 10 kwa kila dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni MB 40, na kwa anayenunua bando la siku hiyo ni sehemu ya kuhesabiwa.

Akaunti ya bure ina ukomo wa saa chache za sauti. Kwa mtu anayepakia kila toleo la kila wimbo, ukomo huo hufikiwa haraka kuliko anavyodhani, na hapo itabidi afute matoleo ya zamani pamoja na maoni yaliyobandikwa juu yake. Anayelipia usajili anaweza kulibadilisha faili huku kiungo na maoni vikibaki pale pale, jambo ambalo kwa watu wa kukosoana ni la thamani kuliko takwimu zote za wasikilizaji zinazotajwa katika matangazo. Iko pia shida ndogo: ukikata sekunde tatu za kimya mwanzoni mwa wimbo kisha ukalibadilisha faili, kila alama ya zamani inabaki mahali pake pa awali, nayo sasa imepitwa kwa sekunde tatu na lile neno iliyokuwa ikilionyesha. Kwa hiyo anayelipia asikate mwanzo wa wimbo mpaka kazi iwe imekwisha.

Tena mtu asiifanye huduma yoyote kuwa ghala lake la pekee. Mwezi Julai 2017 SoundCloud ilipunguza wafanyakazi 173 na kufunga ofisi zake za London na San Francisco, na kwa wiki kadhaa wanamuziki wengi walihofia kwamba nyimbo zao zingepotea, hadi wawekezaji wapya walipoingia mwezi Agosti. Haikufungwa, na hadi leo inafanya kazi vizuri, lakini tangu nilipoisoma habari hiyo nimekuwa nikinakili maoni yote ya wenzangu kwenye daftari, dakika na sekunde zake, kabla ya kufuta toleo lolote. Daftari hilo limekuwa na faida ambayo sikuitarajia: nimegundua kwamba katika nyimbo tano mfululizo nimeambiwa ninakimbia kwenye mshororo wa tatu wa kila ubeti.

Kuna jambo la kupatana kabla ya kuanza, na haliko kwenye huduma yenyewe. Sikio hudanganyika na sauti kubwa. Toleo lililopandishwa sauti kidogo litaonekana bora hata kama hakuna kilichorekebishwa. Kabla ya kulinganisha toleo la pili na la kwanza, kila msikilizaji aweke sauti mpaka uimbaji usikike kwa kiwango kimoja katika yote mawili, na asikilize kwa spika za masikioni zile zile. Kabla ya kuweka utaratibu huo tulipeana maoni mengi ambayo kwa kweli yalikuwa ya kitufe cha sauti.

Kwa kundi dogo la watu wanaoaminiana ninaipendekeza bila kusita, na ninashauri kuanza na akaunti ya bure, kwa sababu itachukua miezi kabla hamjajua kama mnahitaji kulipia. Sisi tungali kwenye ya bure. Wimbo wa barua umefika toleo la nne, mvumo haupo, mi imerudi nyumbani, na alama zilizobaki kwenye mchoro ni mbili, zote katika kipande cha udi, ambacho Maalim amesema atakirekodi upya Ijumaa baada ya sala.