Nilivyoagiza kipimo cha zebaki cha nyumbani: uzoefu wangu

Nimechoma dhahabu Chunya miaka sita. Tangu mwaka jana mkono wa kulia unatetemeka; nikinywa chai lazima nishike kikombe kwa mikono miwili. Usingizi ukapotea, hasira zikawa karibu, hadi mke wangu akasema, "Baba Neema, wewe hukuwa hivi."

Nikaagiza mtandaoni kifurushi cha kupima metali nzito, kama zebaki na risasi, pamoja na "kemikali za ubongo". Shilingi 240,000, nikakichukua Mbeya mjini. Ndani kuna bahasha ya nywele na vikopo viwili vya mkojo. Maelekezo yanaeleweka, hapo nawapongeza: nywele unakata kisogoni karibu kabisa na ngozi, mkojo ni wa asubuhi, kisha vyote vinasafirishwa nje ya nchi. Baada ya wiki tano ripoti ikaingia kwenye simu. Zebaki imewekewa rangi nyekundu, yaani iko juu, risasi rangi ya kijani, yaani iko sawa, na zile kemikali za ubongo, serotonini na dopamini "zimeshuka sana". Chini yake vidonge vya lishe, ambavyo wanauza wao wenyewe.

Nikaenda nayo hospitali. Daktari hakuanza na ripoti, aliniuliza kazi yangu. Nikamweleza: mekyuri, yaani zebaki, tunachanganya na mchanga uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, tunakamua kwa kitambaa, kinachobaki tunachoma kwenye kibati juu ya mkaa. Akasema ule moshi ndio zebaki yenyewe, inaingia kwa mapafu, na njia nzuri ya kuiona ni mkojo uliopimwa maabara pamoja na kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani, maana ukinywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi na namba zinadanganya. Nywele zinafaa zaidi kwa zebaki inayotokana na kula samaki. Za mchomaji kama mimi zimeshika moshi kwa nje, huwezi kujua ipi imetoka mwilini. Risasi nayo hupimwa kwenye damu.

Kilichoniuma ni ule upande wa ubongo. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, kwenye utumbo, na ile ya kwenye damu haivuki kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo kikopo changu cha mkojo hakikuwa na habari yoyote ya kichwani mwangu, na mimi tayari nilishaanza kuamini kuwa nimeharibika akili. Kosa hilo siwasamehei. Mtu asiye na usingizi akisomewa kwamba ubongo wake umepungukiwa, anarudi nyumbani na mzigo mwingine.

Maabara ilithibitisha zebaki iko juu. Vile vidonge sikununua. Kitu cha kwanza nilichoambiwa ni kuacha kuchoma, kwa sababu mwili hupunguza zebaki kama nusu kila miezi miwili hivi, ila si kama kila siku unaongeza nyingine. Nitarudia kipimo, na mchimbaji mwenzangu akiniuliza nitamwambia nauli ya kwenda hospitali ina faida kuliko kifurushi kile; aanze kwa kutaja kazi yake.

Daktari aliuliza pia nilikuwa nachomea wapi. Masika nilikuwa nachomea jikoni kwetu, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua, mama Neema anapika pembeni na mtoto mgongoni. Mikojo yao imepelekwa maabara Jumatatu. Majibu bado.