Kusikiliza nyangumi Watamu: pesa yangu imeishia kwa injini

Acheni niseme kabla hasira hazijapoa. Msimu uliopita tulitoka Watamu na boti ya hawa wanaotangaza eti utasikia nyangumi akiimba laivu kwa haidrofoni, ile maiki inayoshushwa majini kwa waya mrefu. Bei si ya mchezo, na bahari ya kusi mnaijua, watu walitapika hata mwamba hatujaupita. Hiyo sawa, bahari ni bahari.

Shida ni nahodha. Nyangumi wa nundu ana sauti nyingi nzito za chini na injini nayo inanguruma hukohuko chini, kwa hiyo ikiwa inawaka hata uwe na maiki ya bei gani utarekodi injini tu. Nikavaa hedifoni, grrrrrr. Nikamwomba kwa adabu, "Kaka samahani, tuzime kidogo?" Hata hakunigeukia. "Ikikataa kuwaka utatusukuma wewe?" Wenzake wakacheka! Nikasema narekodi kwa ajili ya masomo, akanijibu nyangumi wamejaa YouTube. Sasa kama wako YouTube mimi nimekulipa ya nini? Na waya wenyewe pale kwenye plagi umezungushiwa selotepu, ukiugusa tu krrr mpaka ndani ya sikio.

Mzee mmoja baharia ndiye aliyesema, "Zima bwana, mtoto wa watu amelipa." Akazima kanuna.

Wallahi nilisisimka. Mlio mrefu unashuka kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole, halafu vimlio vya juu vifupivifupi, kimya, halafu ngurumo unayoihisi kifuani. Wanaoimba ni madume, wametoka baridi ya Antaktiki kuja kutafuta majike huku kwetu, na huyu hata mgongo hatukuuona, sauti majini inakwenda kama mita 1500 kwa sekunde na inafika mbali sana, kwa hiyo alikuwa popote. Boti nzima kimya, hata wa kutapika.

Katikati ya wimbo huyo jamaa akawasha. Eti muda umeisha! Wimbo wenyewe mara nyingi ni dakika 10 mpaka 20 ndo urudi mwanzo, na huko kurudi ndiko wanakokutafuta wanaosoma mambo haya, watafiti Payne na McVay mwaka 1971 waliuita wimbo kwa sababu unajirudia kwa mpangilio uleule. Mimi nina nusu, nusu ya nini hata sijui.

Nyota moja. Haya mbili, ya pili ni ya yule mzee. Na nikisikiliza ile nusu naona kama wanastahili tatu, lakini hapana, mbili. Agosti nikipata hela nitarudi, ila nikimkuta yule nahodha nashuka hapohapo ufukweni na pesa yangu wanirudishie.