PCL-R: kipimo cha saikopathi kisichofaa bila jalada

PCL-R (Psychopathy Checklist-Revised), orodha ya kupimia saikopathi, yaani hali ya kukosa huruma na majuto, ni ya mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Hare; ilichapishwa 1991 na kurekebishwa 2003. Ni kipimo kizuri, kwa sharti kwamba mpimaji asome jalada nene la kumbukumbu za mpimwa kabla ya kuketi naye.

Kina vipengele 20, kila kimoja alama 0, 1 au 2, jumla 40. Yanayotazamwa ni maisha yote ya mtu. Utulivu wake wa mwezi huu gerezani hauhesabiki. Mahojiano huchukua dakika 90 hadi 120, na jalada huhitaji saa nzima au zaidi. Jalada likiwa limejaa, alama zaweza kutolewa bila mahojiano. Mahojiano bila jalada hayaruhusiwi. Uongo wa mazoea na ulimi laini ni miongoni mwa mambo yanayopimwa, kwa hiyo asiyelinganisha maneno ya mpimwa na hati za polisi, ripoti za shule na kauli za ndugu atatoa alama za chini kwa mtu ambaye ndiye hasa aliyestahili za juu.

Mpaka wa kuhesabiwa mwenye saikopathi ni alama 30 Amerika Kaskazini. Ulaya wengi hutumia 25. Lakini kosa la kipimo (alama kuyumba bila mtu kubadilika) hufikia takriban alama 3, hivyo kumtofautisha mwenye 29 na mwenye 31 mbele ya hakimu ni kumdanganya. Jaribio la Marekani la 2013 lilionyesha pia kwamba wataalamu walioamini wameajiriwa na upande wa mashtaka walitoa alama za juu zaidi kwa majalada yaleyale. Wapimaji wawili, kila mmoja peke yake, kisha wastani: tungeifanya lazima.

Katika tiba, kipimo hiki kinatumiwa vibaya sana. Wengi hutaja Oak Ridge, hospitali ya Ontario, Kanada, ambako wenye saikopathi waliopitia programu ya tiba walirudia ukatili zaidi kuliko wasioipitia, wakasema hawatibiki. Programu ile iliwaachia wagonjwa waongozane wenyewe na ikawapa dawa kama LSD. Iliyoshindwa ni hiyo. Lakini huko Mendota, Wisconsin, Marekani, katika kituo cha vijana kilichofunguliwa 1995, mwenendo wa leo huamua ruhusa za kesho, na ukatili baada ya kuachiwa umepungua. Kwa umri wa miaka 12 hadi 18 tumia PCL:YV, toleo la vijana la kipimo hiki, na ripoti ieleze tabia zilizoonekana bila kumwita kijana saikopathi.