Seti ya tangi la lita 20 kwa beta wako wa kwanza: nini uchukue, nini uache

Haya wadau karibuni tena, leo mezani niko na ile seti ya kuanzia ya lita 20, inakuja na kila kitu kwenye boksi moja, na wengi mmekuwa mnauliza kama inamfaa beta, yule samaki mdogo wa mapambo mwenye mapezi ya rangi. Jibu la haraka: kioo chenyewe kiko poa, hivo vingine ngoja tuvione kimoja kimoja.

Lita 20 inatosha kabisa kwa beta mmoja. Najua mmezoea kumuona kwenye kikombe au kile kibakuli cha duara, na muuzaji atakwambia huyu anapumua hewa ya juu kwa hiyo haina shida. Kweli, ana kiungo karibu na matamvua kinachomsaidia kuvuta hewa, ndo maana anavumilia maji yenye oksijeni kidogo. Lakini uchafu wake unaenda wapi? Unabaki mule mule, unageuka amonia, inamuunguza matamvua, na kikombe hata hita hakiingii.

Sasa filta, hapa ndo seti imenikera. Angalieni, nadondosha kajani hapa juu ya maji... mmeona kanavyobebwa mpaka kona ile pale? Na beta naye atabebwa hivo hivo, huyu asili yake Thailand na nchi za jirani, kwenye mashamba ya mpunga na vinamasi, maji yametulia, halafu wewe unamwekea mto! Kata kipande cha sponji uzibie mdomo wa maji yanapotokea, au mi ningeiweka pembeni kabisa nichukue filta ya sponji na pampu ndogo ya hewa yenye kakoki ka kupunguza mapovu. Ikichafuka ikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi hilo hilo, usiipeleke bombani, klorini ya bombani itaua bakteria wazuri uliowafuga, wale wanaoshughulikia uchafu wa samaki.

Hita ni wati 25, inajizima yenyewe, nimeiseti 26 na kipimajoto kinasoma 26, nakubali. Beta anataka nyuzi 24 mpaka 28, na zaidi ya yote hataki joto linalopanda na kushuka. Ukitaka kupunguza maji chomoa hita kwanza, ikibaki juu ya maji inawaka inaweza kupasuka. Mfuniko upo, safi, maana beta anaruka, ila acha nafasi ya hewa kati ya maji na mfuniko. Maua ya plastiki ya kwenye boksi hapana, pitisha soksi ya nailoni juu yake, ikinasa tu ujue na mapezi yatachanika. Weka anubiasi, mmea halisi wa majini, funga kwenye gogo kwa uzi, usifukie ule mzizi mnene, unaoza.

Sehemu ambayo watu hawataki kuisikia: samaki hanunuliwi siku moja na tangi. Jaza maji, weka dawa ya kuondoa klorini (kuyalaza maji usiku kucha kunasaidia kwa klorini ya kawaida ila kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki hivo), washa filta na hita, halafu kila siku tupia chembe kidogo za chakula cha samaki zioze. Inatoka amonia, bakteria wanaibadilisha kuwa nitriti, nayo ni sumu, halafu kundi lingine linaifanya nitrati ambayo haina ukali huo na utaipunguza kwa kubadilisha maji. Mara nyingi inachukua wiki 4 mpaka 6. Usikisie, tumia vipimo vya matone, hiki cha amonia kikibaki njano ni sifuri, kikienda kijani bado, cha nitriti unataka bluu mpauko, ukiona zambarau endelea kusubiri. Chupa ya bakteria inaweza kuharakisha, ila hata ukiitumia pima.

Samaki mwenyewe sasa. Rangi iache iwe ya mwisho. Sogeza kidole kwenye kioo, mzima atakufuata au atatanua matamvua akutishe, anayelala pembeni mapezi ameyabana mwache. Mtazame kwa juu, magamba yakisimama kama koni ya msonobari huyo anaumwa sana, na ukiona vidoa vyeupe kama chumvi au utando wa pamba, hapana. Kwa anayeanza mi nasema chukua plakati, wa mapezi mafupi, anaogelea vizuri, yule wa mkia mkubwa wa nusu mwezi anapendeza kwenye picha lakini anaubeba mzigo ule kila dakika na anauchana kirahisi.

Ukifika naye, zima taa, acha mfuko uelee juu ya maji kama dakika 15, ongeza maji ya tangi ndani ya mfuko kidogo kidogo, kisha mtoe kwa wavu, yale maji ya dukani yamwage. Siku hiyo si lazima ale, kesho yake punje mbili tatu zinatosha.

Na kabla hamjauliza kule chini: hapana, madume wawili hawakai tangi moja, na dume na jike pia hapana, watachanana, na hii seti haina hata pa kukimbilia. Kioo, taa, hita na mfuniko navipa alama 8 kwa 10, filta 3, maua yatupe.