Kibubu cha chuo kinachojazwa na manunuzi: miaka minne ya keshibeki na akaunti ya 529, riviu yangu

Habari zenu wabeba boksi wenzangu na wengine wote. Nimeulizwa sana hili swali kwenye grupu letu la akina mama hapa Columbus, Ohio, kwamba eti kuna programu ukinunua vitu madukani inakurudishia hela kidogo (ndo keshibeki) na ile hela inaenda kwenye akiba ya chuo ya mtoto, je ni kweli au ni utapeli. Ni kweli, sio utapeli. Ila ukubwa wake sio ule watu wanaoufikiria, na kuna sehemu moja ya huu mpango inayomfaa mtu kama sisi na sehemu nyingine inamfaa Mmarekani anayenunua kila kitu mtandaoni, kwa hiyo acheni niseme yote kwa urefu maana nimetumia tangu 2021, mwanangu alikuwa bado hajafikisha mwaka.

Kwanza kibubu chenyewe. Kinaitwa 529, jina limetokana na kifungu cha 529 cha sheria ya kodi ya Marekani, kipo tangu 1996. Ni akaunti ya uwekezaji, unafungua wewe mzazi, unaandika jina la mtoto kama mnufaika, hela inawekezwa na ile faida haikatwi kodi ya serikali kuu mradi mwishowe ilipie masomo. Ada, vitabu, chumba na chakula chuoni, vyote vimo. Sio lazima uwe raia, ila unatakiwa uwe na namba ya SSN (ile ya hifadhi ya jamii) au ITIN (namba ya mlipa kodi asiye na SSN), na mtoto vilevile awe na namba. Hapo ndipo wengi wetu wenye watoto waliobaki nyumbani wanakwama, maana yule wa Dodoma asiye na namba huwezi kumwandika. Kila jimbo lina mpango wake, hapa Ohio ukichangia wanakupunguzia kipato kinachotozwa kodi ya jimbo mpaka dola 4,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, na kuanza unaanza na dola 25 tu. Nilivyosikia 25 nikasema kumbe, mi nilidhani ni mambo ya madaktari na wanasheria.

Sasa programu za manunuzi. Niliyoanza nayo inaitwa Upromise, ni ya zamani, ilianzishwa na bwana mmoja anaitwa Michael Bronner na ikafungua milango 2001. Baadaye 2006 ikanunuliwa na Sallie Mae, hao hao wa mikopo ya wanafunzi, halafu 2020 ikauzwa tena kwa kampuni nyingine. Jinsi inavyofanya kazi ni hivi: duka la mtandaoni linataka wateja, kwa hiyo linamlipa kamisheni yule aliyemleta mteja. We ukiingia dukani kwa kupitia apu au tovuti ya programu, duka linaona umeletwa na nani, linawalipa wao, na wao wanakugawia sehemu. Ndo hivyo tu, wala hakuna muujiza, hela inatoka kwenye bajeti ya matangazo ya duka. Na kwa vile watu wa kodi wanaichukulia kama punguzo la bei na sio mshahara, hujazi fomu nyingine mwaka ukiisha.

Tatizo ni kwamba ukisahau kupitia kule, umekosa. Ukiwa na apu ya kuzuia matangazo kwenye kompyuta, unaweza kukosa. Kadi za zawadi mara nyingi hazihesabiwi, kodi ya mauzo na gharama ya kutuma mzigo hazihesabiwi. Na kuna hili la kuponi ambalo limeniuma mpaka leo. Nilinunua kompyuta ya dola 640 kwa kupitia programu nyingine, sio Upromise, sitaitaja wala duka sitalitaja, walikuwa wanatoa asilimia 5 yaani dola 32 za mtoto, mi nikaona kuponi mahali pengine ya kupunguza dola 10 nikaiweka wakati wa kulipa. Zile 32 hazikuingia. Nikaandika, nikatuma risiti, wakanijibu masharti yanasema kuponi isiyotoka kwao inafuta malipo. Nilivyorudi kusoma kweli imeandikwa, chini kabisa, herufi ndogo. Nililia jamani, sio kwa sababu ya dola 32 zenyewe ila nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na nilikuwa nimeshazihesabu kama za mtoto.

Na sisi tunanunua wapi hasa? Hili ndo hakuna riviu ya Kizungu itakayokwambia. Unga wangu wa sembe, mihogo, dagaa, nyama ya mbuzi, majani ya matembele yakipatikana, vyote natoa kwenye maduka ya Waafrika huku Morse Road na Cleveland Avenue. Hayo maduka hayapo kwenye programu yoyote. Hayana tovuti, mengine yanaandika risiti kwa mkono. Nilikaa nikapiga hesabu ya mwezi mzima, karibu nusu ya hela ya chakula inaenda huko, halafu nyingine supamaketi ya Kroger, halafu mafuta ya gari. Vitu ninavyonunua mtandaoni ni viatu vya mtoto, nguo za kazi, na mwezi Desemba zawadi. Kwa hiyo programu ya kupitia tovuti ilikuwa inagusa kipande kidogo sana cha maisha yangu. Miaka minne nimepata kama dola 214 kule. Sio mbaya, ila ni kama dola 4 na nusu kwa mwezi, gawanya mwenyewe.

Kilichobadilisha mambo ni kadi. Fidelity, kampuni ya uwekezaji, wana krediti kadi ya Visa inayorudisha asilimia 2 ya kila unachonunua, haina ada ya mwaka, na unaweza kuiambia ile asilimia 2 iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya 529 inayosimamiwa na Fidelity. Wao wanasimamia mipango ya majimbo kadhaa, New Hampshire na Massachusetts yamo, na sio lazima uishi kule. Ila ujue ile nafuu ya kodi ya Ohio inaenda na mpango wa Ohio, kwa hiyo mimi ninavyo viwili, kile cha Ohio ndo ninachochangia mwenyewe na hiki kingine kinapokea chenji za kadi. Mpaka duka la mbuzi wakiwa na mashine ya kadi, imehesabiwa. Bila kuponi, bila kukumbuka kupitia wapi. Mimi natumia kama dola 900 kwa mwezi kwenye ile kadi, yaani dola 18 zinaenda kwa mtoto kila mwezi na mimi hata sijainua kidole. Kwa miaka mitatu tangu niipate ni karibu dola 648.

Lakini hapa nawaomba mnisikilize vizuri, haswa wale waliokuja juzijuzi. Kadi hii ni kwa mtu anayelipa bili yote kila mwezi. Riba ya krediti kadi nchi hii inapita asilimia 20 kirahisi. Ukiacha deni la dola 1,000 mwaka mzima unalipa riba ya dola 200 na zaidi ili mtoto apate 20, hapo unamwibia mtoto mwenyewe. Kama bado unahangaika na bili, iache, fungua 529 na uweke dola 25 taslimu, basi. Mimi nililipa kwanza deni la gari ndo nikaomba kadi, mume wangu alisisitiza na alikuwa sahihi.

Rakuten, programu nyingine ya keshibeki, pia nimejaribu, hawa zamani waliitwa Ebates. Asilimia zao ni nzuri mara nyingi na wanalipa kila miezi mitatu. Ila hela inakuja kama hela, kwa PayPal au kwa cheki, haiendi kwa mtoto yenyewe. Mara mbili niliihamisha kwenye 529, mara ya tatu ikalipia umeme. Kwa mimi kibubu ni kibubu kwa sababu hakina mlango, ukiweka mlango mtu atafungua.

Sasa ukipiga hesabu ya miaka 18 unaona picha yenyewe. Tuseme keshibeki ya dola 6 kwa mwezi, ikikua kwa asilimia 5 kwa mwaka, mtoto akifika chuo ana kama dola 2,095. Dola 25 za mfukoni kila mwezi kwa ukuaji huohuo inafika kama 8,730. Na ukuaji hauahidiwi, 2022 soko la hisa lilianguka na mimi nikafungua apu nikakuta salio limepungua chini ya nilichoweka, nikashtuka nikataka kutoa zote, dada mmoja kanisani anayefanya kazi benki akaniambia mtoto ana miaka 2 unatoa uende nazo wapi. Nikaziacha. Zilirudi.

Ila kilichojaza kibubu chetu kuliko kadi na programu ni mchango, ndio, mchango wetu uleule. Mpango wa Ohio una kitu kinaitwa Ugift, unapewa code ya herufi na namba, unamtumia mtu yeyote, anaingia anaweka hela kwenye akaunti ya mtoto bila kuona salio wala taarifa zako. Birthdei ya mwaka wa pili nikaandika kwenye kadi ya mwaliko, tafadhali badala ya midoli, mchango wa chuo, nikaweka ile code. Nilikuwa na wasiwasi watu wataniona naomba. Wapi! Sisi tunachangiana harusi na misiba kila wiki, watu wakafurahi kabisa kuchangia kitu kitakachobaki. Mama mkwe yuko Moshi, hana akaunti ya Marekani, akampa shemeji yangu anayekuja huku laki mbili, shemeji akaiweka kwa dola. Bibi akaomba atumiwe picha ya lile salio, anayo kwenye simu mpaka leo anawaonyesha majirani. Jumla ya michango kwa miaka hii ni dola 1,140, karibu sawa na nilichoweka mimi mwenyewe, 1,200.

Wanaouliza mtoto asiposoma itakuwaje: unaweza kubadilisha jina ukamwandika ndugu yake, au hata wewe mwenyewe urudi shule. Ukitoa kwa matumizi mengine, kile ulichoweka hakiguswi na kodi ya serikali kuu, ni ile faida tu ndo inakatwa kodi pamoja na faini ya asilimia 10. Na tangu 2024 akaunti ikifikisha miaka 15 unaweza kuhamisha mpaka dola 35,000 kwa maisha yote kwenda akaunti ya uzeeni ya Roth ya mtoto, kuna masharti ya kiasi cha kila mwaka. Na kama anataka kusoma nje ya Marekani, vyuo vilivyo kwenye orodha ya serikali ya Marekani tu ndo vinakubalika, angalieni kabla hamjamwahidi mtoto Dar es Salaam au London.

Maksi zangu kati ya tano. Programu za kupitia tovuti, mbili na nusu, jiunge kama kawaida yako ni kununua mtandaoni na usinunue kitu hata kimoja kwa sababu ya asilimia. Kadi ya asilimia 2, nne, kwa asiye na deni. Akaunti ya 529 yenyewe na ile code ya mchango, tano, na ningeweza ningewapa sita.

Wa pili anakuja mwezi wa kumi na moja, Mungu akipenda. Akaunti yake nitafungua nikishapata namba yake, ila fomu nimeshaisoma yote mpaka zile herufi ndogo, na mama mkwe ameshapiga simu kuuliza code itatoka lini.