Fast X: Nilisikia Magari, Sikusikia Watu

"Anko, kwani magari si unayasikia?" Hilo ndilo jibu nililopewa na kijana mhudumu wa ukumbi mmoja wa sinema hapa Dar es Salaam, nilipotoka kumweleza kwamba sauti za waigizaji zimepotea. Mpaka leo sijaamua kama alinitukana, au alitoa uhakiki wa haki kuliko wote nilioukuta kuhusu Fast X, sinema ya kumi katika mfululizo wa Fast & Furious.

Kasoro yenyewe ilikuwa hivi. Katika kumbi za kisasa, karibu maneno yote ya waigizaji hupita kwenye spika ya katikati iliyo nyuma ya pazia, na spika za pembeni hubeba muziki na sehemu kubwa ya vishindo. Siku hiyo, masika ikielekea ukingoni, spika ya katikati ilizimika kabla hata sinema haijatufikisha Roma. Injini zikaendelea kunguruma kushoto na kulia, mabomu yakatutikisa vitini, lakini watu wakabaki wanachezesha midomo kama samaki. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alijizibua masikio kwanza, akidhani tatizo ni lake.

Sinema hizi hutengenezwa kwa ajili ya majira ya joto ya Marekani, watoto wakiwa likizoni. Kwetu huingia masika au kipupwe, nasi huzipokea kwa mikono miwili. Mimi ni mpenzi wake wa siku nyingi na sioni haya kulisema hilo. Katika sehemu ya sita, iliyotoka mwaka 2013, watazamaji walipiga hesabu ya ile ndege inayokimbia bila kuruka, wakapata njia ya kurukia yenye urefu unaozidi kilomita 28. Halikunisumbua hata kidogo. Katika sehemu ya saba, magari yanayoshuka kwa miamvuli kutoka angani yaliangushwa kweli kutoka kwenye ndege, na ukiitazama ile sehemu unauona uzito wake. Wenye kuniambia kwamba sinema za aina hii ni kompyuta tupu wakaitazame kwanza. Nikishalipa tiketi, nakubali kudanganywa, mradi nidanganywe kikamilifu.

Roma, nakiri, ilinikosha hata bila maneno. Bomu la mviringo, linalokaribia gari kwa ukubwa, linaporomoka kwenye mitaa ya mji ule wa kale likielekea Vatikani, linashika moto njiani, na Dom, stelingi wetu, analifukuza kwa gari mpaka anaposababisha mkono wa winchi ya ujenzi uzunguke na kulitupa mtoni. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hapo nilianza kufikiri kwamba pengine yule kijana ana hoja, maana hakuna aliyehitaji kuambiwa chochote. Zaidi ya hapo, zile hotuba za Dom kuhusu familia, ambazo tumezisikia tangu enzi na enzi, zilipita kimya kimya, na kwa kweli nilipata nafuu.

Lakini halafu akaingia Dante, na hasira zikanirudia. Jason Momoa ndiye roho ya sinema hii: adui mcheshi na katili, mtoto wa yule tajiri mhalifu aliyeuawa Rio katika sehemu ya tano. Kuna pahala ameketi na maiti mbili, anazipaka rangi ya kucha huku akizisimulia habari zake kama msusi na wateja. Kuchekesha kote na kutisha kote kwa pale kumo katika sauti yake. Sisi tulimwona mtu anapaka maiti rangi, basi. Nilitoka mara ya pili. Kijana hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Alisema tiketi ikishakatwa hela hairudi, tena akaongeza kwamba wenzangu wote wametulia, mimi peke yangu ndiye msumbufu.

Katika kibanda umiza, ambako wengi wetu tulizijulia sinema za mapigano, kwa hela ndogo unakaa kwenye benchi na jasho lako, lakini yupo mkalimani wa kukueleza kwa Kiswahili nani kamgeuka nani, tena kwa mbwembwe zinazoishinda sinema yenyewe. Mimi nililipia kiyoyozi na kiti cha sponji, na usaliti wa Aimes, yule mkuu wa shirika la siri, nikaja kusimuliwa nyumbani na mpwa wangu.

Sasa nimlaumu nani zaidi? Ukumbi uliniibia maneno, lakini watengenezaji waliniibia mwisho. Baada ya kumteremsha Dom na mwanawe kwenye ukuta wa bwawa wakiwa ndani ya gari, sinema inakatika na bwawa limetegwa mabomu, kana kwamba tumelipia nusu ya kitu. Stelingi hafi, hilo tunalijua tangu utoto. Ila hapa hata rafiki wa stelingi hafi. Letty alirudi, Han alirudi, na sasa Gisele, tuliyemwona akianguka katika ile sehemu ya njia ndefu ya ndege, anachomoza juu ya nyambizi akiwa mzima na nywele zake zimetulia. Ndiyo maana Jakob, mdogo wake Dom, alipojitoa mhanga, ukumbini hakuguna mtu.

Nilikusudia kuipa nyota mbili, moja ya Roma na nyingine ya Momoa niliyemwona bila kumsikia. Baadaye niliirudia kwenye televisheni ya mpwa wangu, maneno yote yakiwapo, na nikalazimika kumwongezea Momoa nyota nzima. Dom naye alihutubia tena kuhusu familia, nikaipunguza nusu. Ukumbi ule haupati kitu kwangu. Sehemu inayofuata ikitoka nitaikatia tiketi, tena siku ya kwanza, ila kwingine, na kabla ya kutoa shilingi nitaulizia ile spika ya katikati.