Uzoefu wangu wa kufunga shokapu na bushi mpya za Corolla 110 nyumbani, Mbeya

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Corolla 110, lile umbo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1995 na ambalo mpaka leo halijaadimika katika barabara za Mbeya. Nimelikarabati sehemu yote ya chini nikiwa nyumbani Uyole, kwa spana zangu na kwa msaada wa mdogo wangu, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu mwenye gari la umri huo ambaye analisikia linagonga na hajui aanzie wapi kutumia fedha zake. Nilinunua shokapu nne (vifaa vinavyotuliza mtikisiko wa springi) za KYB aina ya Excel-G, mauntingi zake za juu zinazoishika shokapu kwenye bodi, mipira ya ndani ya kuzuia kugota pamoja na vifuniko vya vumbi, bushi (mipira ya kwenye maungio) za mikono ya chini ya mbele, ile inayoshikilia tairi, linki za stabilaiza, yaani chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona, na boljointi mbili, viungo vinavyoruhusu tairi kugeuka, za chapa ya 555. Msimamo wangu niuseme mapema: shokapu hizo zinastahili bei yake, lakini kama ningezifunga peke yake, bila kugusa mipira na bushi zinazofanya kazi pamoja nazo, nisingepata hata nusu ya faida niliyoipata.

Mazingira yetu ni magumu kwa gari dogo. Kati ya Nsalaga na Ifisi, tangu ujenzi wa njia nne uanze, mtu anaingizwa kwenye mchepuko wa mashimo na kutolewa kwenye mwingine, na lami inayobaki imejaa rasta, yaani vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo, na matuta. Mimi huongeza juu ya hapo safari za Matamba, kwa kupanda kutoka Chimala zile kona zinazojulikana kwa jina la Hamsini na Saba, na ninaporudi buti huwa limejaa viazi, mara nyingine katika magunia ya lumbesa ambayo hakuna mtu anayejua uzito wake kamili. Matokeo yake yalikuwa dhahiri. Nikikanyaga breki pua ya gari ilizama, nikipita kwenye tuta gari liliendelea kupanda na kushuka kama mtumbwi wa Matema siku ya upepo, na tairi za mbele zilikuwa zimeliwa kwa mabaka, sehemu moja imekwisha na inayofuata bado ina meno. Mabaka ya namna hiyo ni ushahidi kwamba tairi linarukaruka badala ya kushika barabara. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea kulipima jambo hili, kwa sababu wanaliona kuwa ni la starehe, kumbe breki haiwezi kufanya kazi yake ikiwa tairi halijagusa chini, na anayeshuka Hamsini na Saba na mzigo nyuma anahitaji tairi zote nne zishike muda wote.

Kabla ya kununua nilishauriwa njia mbili za bei nafuu. Ya kwanza ni shokapu za mtumba kutoka Japani, ambazo mafundi wengi wanazisifu kwa hoja kwamba oriji iliyotumika ni bora kuliko mpya isiyojulikana. Hoja hiyo ina ukweli kwa baadhi ya vifaa, lakini kwa shokapu siikubali. Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye vali ndogo inayopita katika mafuta, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa springi kuwa joto. Kadiri kilomita zinavyoongezeka, sili na vali huchakaa na mafuta hupoteza ubora wake, na mara nyingi hilo halionekani kwa nje. Unanunua umri wa kitu bila kuujua. Njia ya pili ni ile ya kupachika mipira katikati ya mizunguko ya springi ili gari liinuke. Gari linainuka kweli, ila ile mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena, mzigo wote unahamia kwenye mizunguko iliyobaki, na shokapu iliyokufa inabaki imekufa vilevile. Nimeona springi iliyokatika kwa sababu hiyo, na chuma kilipokatika kilikuwa kimebakiza kidogo tu kichane tairi.

Springi zenyewe ndizo pekee nilizokubali kuzinunua za mtumba, na ni za nyuma tu. Chuma cha springi hakichakai kama sili ya mafuta, na mtu anaweza kukikagua kwa macho na kwa futi: nilitafuta jozi iliyotoka gari moja, yenye urefu sawa kushoto na kulia, isiyo na ufa wala kutu iliyochimba. Za mbele nilizipima, nikaziona ziko sawa, nikazisafisha na kuzirudisha.

Kuhusu shokapu, nilizichunguza nikiwa bado dukani. Namba iliyo kwenye boksi nililinganisha na namba iliyo kwenye shokapu yenyewe, nikaangalia kulia na kushoto kwa sababu za mbele hazibadilishani, nikapitisha kidole kwenye fimbo ya kromu kutafuta mkwaruzo, kisha nikairuhusu itoke. Excel-G ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na imejazwa gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mdogo, ambayo huzuia mafuta yasitoe povu barabara inapokuwa mbaya kwa mwendo mrefu. Kwa hiyo ukiisukuma fimbo ndani na kuiachia, inapaswa kurudi juu yenyewe, polepole na bila kukwama. Zote nne zilifanya hivyo. Jirani yangu alikuwa amenunua seti ya jina jingine kwa bei ya chini, na ya kwake upande mmoja ilibaki chini kama pampu ya baiskeli isiyo na mpira. Jina la duka si la lazima hapa. Kilicho muhimu ni kwamba jaribio hilo linachukua muda mfupi sana na kila muuzaji mwaminifu atakuruhusu ulifanye mbele yake.

Kwenye kazi yenyewe, nilianza kwa kupuliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote usiku wa kuamkia siku ya kazi. Gari nililiweka kwenye sakafu ya zege, magogo ya mkaratusi nyuma ya tairi, na baada ya kuinua kwa jeki nililikalisha kwenye stendi za chuma. Jeki inainua, haishikilii, na hakuna haraka inayomhalalishia mtu kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Kaliba ya breki niliifunga kwa waya kwenye springi ya upande huo mpaka shokapu ilipotaka kutoka, kisha nikaihamishia kwenye bodi, kwa maana paipu ya breki ikibeba uzito huo inaweza kuchanika ndani bila kuonyesha dalili yoyote nje. Vilevile mdogo wangu aliishika haba, ile sehemu inayobeba tairi, isianguke kwa nje, kwa sababu ekseli ikivutwa kupita kiasi jointi yake ya ndani inaweza kuchomoka.

Sehemu inayotaka heshima kubwa kuliko zote ni kutenganisha springi na shokapu. Nati ile ya katikati, juu ya mauntingi, ndiyo inayoizuia springi iliyokandamizwa, na anayeifungua kabla springi haijabanwa na kompresa anaachilia nguvu inayoweza kuvunja taya. Nilikodi kompresa ya aina ya kulabu mbili, nikaziweka zikitazamana, nikakaza upande huu kidogo na upande ule kidogo, mpaka springi ikawa inacheza kwa mkono kwenye kikalio chake. Hapo tu ndipo nati ikafunguliwa. Wakati wa kufunga ile mpya, fimbo isishikwe kwa plaizi hata kwa kitambaa, kwani mkwaruzo mmoja kwenye kromu utaikata sili kila inapopanda na kushuka, na baada ya muda mafuta yatakuwa yanatiririka. Nilizisimamisha wima pia na kuzisukuma mara kadhaa kabla ya kuzifunga, ili gesi iliyojipenyeza kwenye mafuta wakati zimelazwa dukani ipande juu.

Mipira ya ndani ya zamani ndiyo iliyonifundisha jambo. Upande wa kulia haukuwepo kabisa. Kilichokuwepo ni unga mweusi uliochanganyika na vumbi jekundu chini ya kifuniko kilichopasuka. Maana yake shokapu ilikuwa inagota chuma kwa chuma kila nilipoingia shimoni. Mtu akifunga shokapu mpya kwenye hali hiyo, anaipeleka ikafe kwa namna ileile iliyomuua mwenzake, halafu analaumu kampuni. Mauntingi nazo zilikuwa zimechoka kiasi kwamba beringi yake ilikwama nusu ya mzunguko, na sasa nikajua ule mlio wa usukani nilipokata kona ulikuwa unatoka wapi.

Bushi za mikono ya chini sikuzitoa nyumbani. Kuna mafundi wenye presi ya haidroliki Mwanjelwa, na huduma hiyo naipendekeza kwa moyo mmoja, kwa sababu kuzigonga kwa nyundo kunaumiza mkono wa chuma na kunapasua bushi mpya kabla haijaanza kazi. Fundi alipiga alama kuonyesha bushi kubwa ilivyokaa kabla ya kuitoa, akaisukuma mpya ikae vilevile, na hakutumia grisi ya kawaida, ambayo huuvimbisha mpira na kuulainisha. Nyumbani nilizirudisha bolti zake bila kuzikaza mpaka mwisho. Hili mafundi wengi wa mtaani hawalifanyi, na ndilo linalozifanya bushi mpya zichanike mapema: mpira umeshikamana na bomba la chuma la katikati na unafanya kazi kwa kujisokota, hivyo ukiukaza gari likiwa linaning’inia, utakuwa umesokotwa muda wote gari linapokuwa chini. Nililishusha gari likasimama kwa uzito wake, nikalitikisa likae vizuri, ndipo nikakaza. Nati za tairi nilizimalizia kwa spana ya kupimia nguvu, Nyutoni mita 103 kama Toyota inavyoelekeza.

Matokeo nimeyaona kwanza kwenye rasta. Zamani usukani ulikuwa unatetemeka na kitu kugonga chini ya miguu yangu. Sasa sauti ni ya tairi tu. Kushuka Chimala kumebadilika zaidi: gari linaingia kwenye kona likiwa limetulia, halilali upande mmoja kisha kujirudisha, na nikikanyaga breki pua inashuka kidogo na kusimama hapo. Kasoro ninayoitaja kwa haki ni kwamba likiwa tupu, bila abiria wa nyuma, kwa mwendo mdogo kwenye mawe gari limekuwa gumu kuliko nilivyozoea. Anayetaka ulaini wa kitanda ataona tofauti hiyo. Kwangu mimi ninayebeba mzigo, ninaona ni biashara nzuri.

Nililipeleka pia kwenye mashine ya alaimenti, inayopima na kunyoosha mkao wa tairi, na hapo pasikwepwe. Bolti mbili kubwa zinazoishika shokapu ya mbele kwenye haba zina nafasi ndogo ya kucheza, na nafasi hiyo inatosha kubadilisha mlalo wa tairi. Nilikuwa nimepiga alama kwa rangi kabla ya kufungua, lakini alama hiyo husaidia tu gari lifike kwenye mashine salama. Gharama ya alaimenti ni ndogo sana ukilinganisha na tairi mbili mpya. Baada ya kuzunguka kwenye barabara mbaya nilirudia kukagua nati zote, na moja ya linki ya stabilaiza ilikubali kukazwa kidogo zaidi, zilizobaki zilikuwa imara.

Bushi za mikono ya nyuma sijazigusa bado. Hazijachanika, ila asubuhi za baridi za Juni na Julai zinalia gari linapotoka getini, na ninakusudia kuzipeleka kwenye presi ileile kabla mvua za Novemba hazijaanza, kwa sababu tope likishaingia kwenye bolti zake kuzifungua kunakuwa ni kazi nyingine.